Itifaki: maagano yaliyovuka bahari

Kuna maneno ambayo bahari iliyaleta Mombasa kabla ya meli za moshi, nasi tukayatumia mpaka tukasahau kuwa yalikuja na pepo za kaskazi. Mojawapo ni itifaki. Kwa Kiarabu asili yake ni kuafikiana, yaani watu wawili au zaidi kukutana katika neno moja. Siku hizi wengi wetu hulisikia panapokuwa na sherehe ya serikali: mkuu wa itifaki ndiye asemaye nani aketi wapi, nani atangulie kusema na wimbo wa taifa upigwe saa ngapi. Wataalamu wa kompyuta nao wamelichukua neno hilo hilo wakaliita yale maagano yanayoziwezesha kompyuta za dunia nzima kuzungumza. Kwa maoni yangu hawakukosea hata kidogo. Tena nasema kuwa lau sisi watu wa Mvita tungaliishika maana ya asili ya neno hilo, tusingalichukuliwa na uvumi mwingi uliozagaa juu ya hii intaneti.

Uvumi wenyewe nimeusikia barazani Kibokoni, baina ya alasiri na magharibi, wakati kahawa chungu inapozunguka na kila mtu huwa mwanachuoni. Mzee mmoja alishikilia kuwa intaneti yatoka angani. "Mwanangu, mimi nimeiona kwa mato yangu ile dishi ilivyoelekezwa juu. Ingekuwa yatoka chini wangeielekeza juu ya nini?" Mwenzake akasema kuwa ni silaha ya jeshi la Marekani, waliibuni ili bomu la atomiki likianguka amri za vita zisikatike. Wa tatu akataka kujua mwenye mali ni nani, kwani haiwezekani kitu kikubwa namna ile kikose mwenyewe. Na kijana mmoja mwanafunzi, ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza kwa adabu, akasema: "Samahanini wazee wangu, sisi tumesomeshwa kuwa intaneti ni jengo la orofa saba."

Msomaji mpendwa, hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyesema upuuzi mtupu. Kila mmoja alishika kipande cha kweli. Ndiyo sababu nimeona ni vyema tulifungue jambo hili polepole.

Tuanze na mzee wa dishi, kwani yeye ana haki kuliko wengine. Kenya ilifungua kituo chake cha setelaiti huko Longonot mwaka 1970, na kwa miaka mingi sana sauti na barua zetu za ng'ambo zilipandia huko. Hata intaneti yenyewe ilipoanza kuuzwa Nairobi kwa ukamilifu, katika mwaka 1995, ilikuja kwa njia ya anga. Setelaiti za namna hiyo hukaa juu ya ikweta kiasi cha kilomita 36,000. Neno lako hupanda hizo 36,000, likashuka nyingine kama hizo, na jibu lifanye safari ile ile kurudi. Hata kwa mwendo wa mwanga, ambao hakuna kiumbe aushindao, hiyo ni nusu sekunde nzima imekwisha pitia.

Lakini kabla ya anga palikuwa na bahari. Waya wa simu za maandishi ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879, na mwaka 1890 ukavutwa mwingine kutoka Unguja kuja Mombasa. Kisha kizazi chetu kikaona bahari ikiurudia ufalme wake. Juni 2009 waya wa TEAMS, uliotoka Fujairah katika nchi za Ghuba, uliwasili Mombasa. Julai 23 mwaka huo huo waya wa SEACOM ukafunguliwa. Ukaja wa EASSy mwaka 2010, na wengine baadaye. Hizo si nyaya za shaba kama za babu zetu. Ni nyuzi za kioo, nyembamba mfano wa unywele, na ndani yake hupita mwanga. Basi sehemu kubwa kabisa ya intaneti tunayoitumia leo pwani hii haitoki juu. Yatoka chini, kwenye matope na matumbawe, mule mule zilimopita mashua.

Hata hivyo, waya nao si intaneti. Na hapa ndipo ninapomwomba msomaji anivumilie kidogo.

Tuchukue mfano wa bandari yetu ya kale, pale chini ya Mji wa Kale majahazi yalipokuwa yakitia nanga. Tuseme mtu wa Mombasa ana barua ya kurasa kumi ya kumpelekea nduguye aliye Maskati, na hana jahazi moja la kulitumainia. Anazitenga kurasa zake. Kila ukurasa anautia katika bahasha yake, na juu ya bahasha anaandika jina la mpelekewa, jina lake mwenyewe na namba ya ukurasa. Kisha anawagawia manahodha mbalimbali. Mmoja atapitia Lamu na Mogadishu, mwingine ataanzia Unguja, wa tatu huenda akazama. Manahodha hawa hawajui bahasha ina nini na hawakuahidi kitu. Kazi yao ni kuisoma anwani na kuisogeza bahasha mbele kidogo, bandari hadi bandari. Hayo ndiyo maagano yanayoitwa IP. Ni maagano ya manahodha.

Sasa yule ndugu wa Maskati naye amefanya agano lake na mwenziwe. Kila apatapo kurasa, hupeleka neno: nimepokea mpaka ya tano, nangojea ya sita. Ikiwa ya saba imetangulia kuja, huiweka kando mpaka ya sita ifike, ndipo azisome kwa taratibu. Na yule wa Mombasa, kwa kuwa alijiwekea nakala, akiona siku zimepita bila jibu huiandika tena ya sita na kuipeleka upya. Hayo ndiyo maagano yanayoitwa TCP, nayo ni ya ndugu wawili, hayawahusu manahodha. Yapo na maagano ya tatu, UDP, ya mwaka 1980, ambayo hayangoji jibu wala hayarudii kilichopotea. Maneno ya simu ya picha, tunapozungumza na jamaa zetu walioko Dubai, mara nyingi husafiri kwa desturi hiyo, kwani neno lililopotea sekunde mbili zilizopita halina faida likiletwa sasa.

Watu husema kuwa TCP huhakikisha barua kufika. La. Hakuna agano la wanadamu liwezalo kuhakikisha hivyo ikiwa bahari yote imefungwa. Linachohakikisha ni kuwa barua itakayofika itafika nzima na kwa mpango, na isipofika mwandishi hatimaye atajua.

Na hapa tunaelewa kwa nini zama za Longonot zilikuwa za uvivu hata kwa mwenye dishi kubwa. Katika maagano ya TCP yalivyoandikwa hapo mwanzo, mpelekaji hakuruhusiwa kuachilia zaidi ya herufi 65,535 bila kupata jibu. Akifika hapo, husimama kungoja. Kwa waya mfupi jibu hurudi upesi. Kwa setelaiti hungoja nusu sekunde, kisha huachilia fungu jingine, husimama tena. Ungaliweza kununua njia pana kama Ndia Kuu yote, lakini mtu mmoja angaliipita kwa hatua za kobe. Dawa ya tatizo hilo iliandikwa mwaka 1992, nayo haikuwa dishi jipya wala waya. Lilikuwa ni agano lililorekebishwa.

Nije kwa yule wa silaha. Ni kweli kuwa mwaka 1964 Paul Baran, wa taasisi ya RAND huko Marekani, alichapisha uchunguzi mrefu juu ya mtandao wa mawasiliano ambao ungebaki hai hata baada ya shambulio la nyuklia, na ni kweli kuwa alipendekeza habari zikatwe vipande vipande. Ni kweli pia kuwa mtandao wa ARPANET, mama wa intaneti, ulilipiwa na ofisi iliyo chini ya wizara ya ulinzi. Watu wakaunganisha kweli hizo mbili wakazaa uwongo mmoja. Aliyeutafutia ARPANET fedha, Bob Taylor, alikuwa na sababu ndogo kuliko vita: ofisini mwake mlikuwa na mashine tatu za kuchapia, kila moja imefungwa kwa kompyuta yake ya mbali, na kila moja ina desturi zake. Akizungumza na hii haijui ile. Akauliza kwa nini isiwe moja. Kompyuta za siku zile zilikuwa ghali mno na kila chuo kilitaka yake, kwa hivyo kugawana kulikuwa na faida ya shilingi na senti.

Oktoba 29, 1969, usiku, mwanafunzi katika chuo kikuu cha UCLA alijaribu kuandika neno la kuingilia katika kompyuta ya Stanford, iliyokuwa mbali zaidi ya kilomita 500. Herufi ya L ilifika. O ikafika. Kisha kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Hivyo ujumbe wa kwanza wa mtandao huo ulikuwa herufi mbili tu, na kama hicho ndicho chombo kilichotengenezwa kustahimili bomu la atomiki, basi tungalikuwa na wasiwasi mkubwa.

Wala jambo hili si la Wamarekani peke yao, ingawa magazeti ya kwao hupenda kulieleza hivyo. Fikra ya vipande vipande aliifikia pia Donald Davies wa Uingereza, naye ndiye aliyevipa jina la vifurushi. Fikra ya kuwa manahodha wasiahidi kitu, na kuwa mizigo yote ya kukumbuka na kurudia ibebwe na ndugu wawili mwisho wa safari, ilitiwa nguvu na Mfaransa Louis Pouzin katika mtandao wake wa Cyclades mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vint Cerf na Bob Kahn, waliochapisha maagano yao mashuhuri Mei 1974, waliazima kwake. Mwaka 1973 mtandao ulikuwa umekwisha fika Norway na London. Mwenye fikra na mwenye fedha si lazima wawe mtu mmoja. Wafanyabiashara wa Mombasa walilijua hilo zamani.

Sasa orofa saba. Kijana wetu asilaumiwe, kwani ndivyo vitabu vingi vya shule vinavyofundisha mpaka leo. Lakini jengo lile la orofa saba ni la watu wengine. Lilichorwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, na kutolewa rasmi mwaka 1984, na serikali nyingi za Ulaya pamoja na makampuni ya simu zililiunga mkono. Hata serikali ya Marekani iliamuru, kuanzia mwaka 1990, kuwa ofisi zake zinunue mitambo ya kufuata ramani ile. Ilikuwa ramani nzuri, yenye kila chumba. Kasoro yake ni kwamba wajenzi walikuwa wangali mezani wakijadiliana madirisha, na huku jirani zao wamekwisha hamia katika banda la TCP/IP, ambalo maandishi yake yalikamilika Septemba 1981. Januari 1, 1983, ARPANET yote ilihamishwa kutoka maagano yake ya zamani kuingia katika hayo mapya. Miaka kumi na kitu baadaye ile amri ya serikali ya Marekani iliondolewa kimyakimya. Orofa saba zikabaki kuwa njia ya kusomeshea. Intaneti tunayoitumia haikujengwa juu yake.

Kisa hicho kila nikisomapo hunikumbusha kisa chetu wenyewe, tena kilichotokea papa hapa kisiwani. Juni 1928 ulifanyika Mombasa mkutano wa nchi za Afrika Mashariki wa kuamua ni Kiswahili kipi kiandikwe shuleni na vitabuni. Mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof alikuwapo. Kimvita kilikuwa na sifa zake zote: kilikuwa lugha ya washairi, na Krapf, aliyefika hapa mwaka 1844, alikifanya msingi wa kamusi yake. Lakini Kiunguja kilikuwa kimekwisha safiri na misafara ya biashara mpaka maziwa makuu, na watu wa bara walikuwa wamekwisha kizoea. Mkutano ukachagua Kiunguja. Januari 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi ya kusimamia uamuzi huo. Kwa hiyo sisi tunaosema mato tukaandika macho, na tunaosema ndoo tukaandika njoo. Mgeni atakayetembea Mji wa Kale atakuta kibao cha Ndia Kuu, si Njia Kuu, na huo ni ushahidi uliosahauliwa ukutani.

Sikitajii kisa hiki ili kufufua ugomvi. Mimi mwenyewe nayaandika haya kwa Kiswahili cha mkutano ule, na msomaji wa Kisumu au Bukavu ananielewa kwa ajili hiyo. Nataka tuone jinsi maagano yanavyoshinda. Hayashindi kwa kuwa bora. Hushinda kwa kuwa yamekwisha kuwa midomoni mwa wengi, na kila anayeongezeka huwapa waliomo faida na walio nje hasara. Kiunguja kilishinda kwa misafara. TCP/IP ilishinda kwa vyuo vikuu vilivyopewa programu zake bila matata mengi. Tofauti moja ipo, nayo si ndogo. Mwaka 1928 waliokuwa na sauti mezani ni maofisa wa elimu na wamishonari. Maagano ya intaneti yaliandikwa katika nyaraka ambazo jina lake ni maombi ya maoni. Ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker, mwanafunzi, Aprili 7, 1969, naye aliandika kwa unyenyekevu kwa kuwa alichelea wakubwa wangemwona mjuba. Nyaraka hizo mtu yeyote ameruhusiwa kuzisoma bure, na kuzijibu. Kwa hivyo swali la mwenye mali lina jibu: nyaya zina wenyewe, mashine zina wenyewe, bali maagano hayana.

Hata hivyo mlango ulio wazi si sawa na kuketishwa mezani, na hilo tuliliona kwa upande wa herufi.

Kompyuta haijui herufi. Yajua namba tu, na hapana budi watu wakubaliane namba ipi ni herufi ipi. Agano lililoenea, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lilikuwa na nafasi 128 tu, nazo ziligawiwa Kiingereza. Agano la kupeleka barua za kompyuta lililoandikwa mwaka 1982 likasimama juu ya nafasi hizo hizo. Kiswahili cha shule kilipita mlango huo bila kubisha hodi. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama juu yake, na hata ng'ombe alipata kile kikoma chake. Wenzetu wa bara hawakubahatika. Kikuyu na Kikamba vina ĩ na ũ ambazo ni sauti mbali na i na u, na kwa miaka mingi watu walizikosa katika barua zao, wakabaki kukisia neno kwa maana.

Na Mombasa? Mombasa ilikuwa na maandiko yake kabla ya hayo yote. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wetu aliyefariki mwaka 1840, zilihifadhiwa kwa herufi za Kiarabu, na aliyefanya kazi kubwa ya kuzikusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, pamoja na Mwingereza W. E. Taylor. Barua za nyumbani, hati za mali, mashairi ya kujibizana, yote yaliandikwa kwa herufi hizo. Na herufi hizo si za Kiarabu kitupu. Waandishi wetu walihitaji pe, che, ve na nge, sauti ambazo Kiarabu hakina, wakazitia nukta tatu tatu: پ, چ, ڤ, ڠ. Mkutano wa 1928 haukuwa na haja nazo. Agano la 1963 halikuwa na nafasi yao. Mara mbili, basi, meza mbili zilizo mbali kwa miaka na bahari ziliamua jambo moja bila kujuana.

Lililobadilisha hali lilikuwa agano jingine, Unicode, lililotolewa kwanza mwaka 1991, lenye kusudi la kumpa kila mwandishi duniani namba zake. Mwaka 1992 ulipatikana ufundi wa kuzisafirisha namba hizo ndefu bila kuvunja zile fupi za zamani, ufundi unaoitwa UTF-8, na mwaka huo huo agano la barua likapanuliwa. Herufi zetu nne zimo. ĩ na ũ zimo. Tangu mwaka 2010 hata majina ya nchi mwishoni mwa anwani yaweza kuandikwa kwa Kiarabu, na Misri, Saudia na Falme za Kiarabu walikuwa wa kwanza.

Wapo wanaodhani kuwa barua ya kompyuta na intaneti ni kitu kimoja, na kuwa kabla ya 1995 Kenya ilikuwa gizani. Haikuwa hivyo. Mnamo mwaka 1990 jijini Nairobi palikuwa na kompyuta zilizofuata maagano mengine, Fidonet, yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1984. Kompyuta ililala mchana kutwa ikikusanya barua. Kwa saa iliyopangwa simu hupigwa kutoka London, kompyuta mbili hupokezana furushi kwa dakika chache, kisha simu hukatwa. Ilikuwa posta hasa, na watu wa mazingira na wa afya waliitumia vizuri. Mimi naona maagano hayo yalitufaa kuliko watu wanavyokumbuka, kwani yalijua kuwa simu zetu ni ghali na hukatika.

Intaneti kamili ilipokuja ilileta kioja chake. Manahodha wa IP huisogeza bahasha kuelekea njia iliyopo, si njia iliyo fupi kwa macho ya mtu. Makampuni ya Kenya kila moja ilikuwa na njia yake ya kwenda ng'ambo, na hayakuwa na waya baina yao. Basi barua ya mtu wa Makadara kwenda kwa mtu wa Kizingo, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ilipaa angani, ikavuka bahari, ikageuka huko na kupaa tena kurudi, na safari zote mbili zikalipiwa kwa dola. Novemba 2000 makampuni yaliungana yakafungua Nairobi kituo cha kubadilishana, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya ng'ambo, ilipinga, na Disemba kituo kikafungwa kwa amri ya Tume ya Mawasiliano. Kilirudi kikiwa na leseni Februari 2002, na baadaye Mombasa nayo ikapata tawi lake. Hapakuwa na kosa la ufundi hata moja katika kisa hicho. Maagano ya mashine yalikuwa tayari tangu 1981. Yaliyokosekana ni maagano ya wanadamu.

Uvumi wa mwisho ni ule wa kujifariji: kwamba intaneti haikatiki, ukiziba huku hupita kule. Februari 25, 2012, meli iliyokuwa ikingojea zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, na nanga ile ikaukata waya wa TEAMS. Siku chache kabla yake nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Manahodha walifanya kazi yao kama walivyoagana: waliona njia imezibwa, wakaelekeza bahasha upande wa SEACOM. Lakini njia moja ilikuwa sasa yabeba mizigo ya njia kadhaa, na kwa wiki kadhaa Kenya na majirani zake walikwenda mwendo wa mashua isiyo na upepo. Mei 12, 2024, yakatokea mengine, EASSy na SEACOM kukatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikaumia zaidi kuliko sisi tuliokuwa na nyaya za upande wa kaskazini. Itifaki hutafuta njia iliyopo. Haiwezi kuichimba isiyokuwapo.

Hivi sasa nafasi za anwani zenyewe zimejaa. Agano la 1981 liliweka nafasi 4,294,967,296, na fungu la mwisho la hazina ya dunia liligawiwa Februari 3, 2011. Agano jipya limeandikwa tangu 1995, nalo ni la sita. Usiulize la tano lilipotea wapi na kubuni kisa cha siri: namba hiyo ilikuwa imekwisha chukuliwa na majaribio ya kupitisha sauti, yaliyoanza mwaka 1979, ambayo hayakuenea. Anwani za Afrika hutolewa na AFRINIC iliyoko Mauritius, iliyotambuliwa mwaka 2005, na hilo la sita lina nafasi za kuwatosha wajukuu wa wajukuu. Kilichobaki ni kila kampuni kukubali kulitumia, na makampuni mengi bado yangojea mwenzao aanze.